Maana ya Neno "Mtumwa" katika Nyaraka za Paulo

Katika Agano Jipya la Kiyunani liko neno doulos. Paulo alijiita kwa neno hilo mwanzoni mwa waraka wake kwa Warumi, na Biblia ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1952 yasema "mtumwa". Wako waulizao, Je, si afadhali kusema "mtumishi"? Maana huku Mkokotoni, kama kote Unguja, kumwita mtu mtumwa ni kumtukana yeye na babu zake.

Swali hili lataka jibu. Wayunani walikuwa na neno jingine, diakonos, yaani mtumishi, ambalo pengine hufasiriwa shemasi. Mtumishi aweza kuwa na ujira wake, na akichoka huaga akaenda zake. Doulos ni mali ya bwana wake. Paulo aliyatumia maneno yote mawili. Hapa akachagua lile zito.

Uzito huo Unguja yaujua. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwezi wa Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa. Edward Steere, aliyesimamia ujenzi ule, ndiye pia aliyefanya kazi ya kufasiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Lakini kufungwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Katika mashamba ya karafuu watu walizidi kumilikiwa hata ilipotoka sheria ya tarehe 6 Aprili 1897. Na hata hapo aliyetaka uhuru ilimpasa kwenda kuuomba barazani, na masuria walingoja hata mwaka 1909. Basi miongoni mwa wasomaji wa kwanza wa tafsiri ile walikuwamo vijana waliokombolewa majahazini. Hao hawakuhitaji kufundishwa maana ya mtumwa.

Tukiandika "mtumishi" twaficha jambo kubwa: ya kuwa mtu huru, raia wa Rumi, alijivika jina la mtu aliyenunuliwa, wala hakuona haya. Naye alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, alimtaka ampokee, si kama doulos tena, bali kama ndugu. Kwa hiyo neno na likae kitabuni kama lilivyo. Lisikae vinywani mwetu tugombanapo na jirani juu ya nasaba yake. Maana Paulo alijiita hivyo mwenyewe, na yule aliyekuwa mtumwa kweli akamwita ndugu.