Uundaji wa gitaa kavu (Arusha na Meru)

Uundaji wa gitaa kavu ni ufundi wa kutengeneza gitaa lisilotumia umeme, ambalo sauti yake hukuzwa na sanduku jembamba la mbao. Makala hii inaeleza jinsi mtu anayeanza anavyoweza kujifunza ufundi huo katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Eneo hilo lina mbao za misitu ya kupandwa, karakana za samani na wachonga vinyago. Vinavyotoka nje ni vichache: freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), nyuzi na vikazio vya nyuzi. Kazi yenyewe ni useremala wenye vipimo vikali zaidi. Mlango wa kabati ukipishana milimita moja utafungika, lakini freti ikipishana milimita moja gitaa litalia kombo siku zote.

Historia

Gitaa liliingia Afrika Mashariki na Kati kupitia bandari, misheni, migodi na jeshi. Upigaji wa gitaa kavu kwa vidole ulipata sifa kubwa Katanga, nchini Kongo, ambako mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 mjini Jadotville, sasa Likasi. Santuri za Mwenda zilisikika hadi Kenya na Tanganyika.

Arusha nayo ina nafasi katika historia ya gitaa. Ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga, waliokuwa wamepiga na Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha mwaka 1970 na kupiga kwa jina la Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Kenya, na bendi yao ikaja kujulikana kama Simba Wanyika. Magitaa ya bendi za namna hiyo yalikuwa ya umeme, yaliyotoka viwandani. Yaliyotengenezwa kwa mkono mitaani yalikuwa ya watoto: galoni la mafuta likiwa sanduku, ubao ukiwa shingo, na uzi wa breki ya baiskeli au mshipi wa kuvulia ukiwa waya. Gitaa la galoni halina freti za kuaminika, ila mtoto aliyelitengeneza ameshajua jambo la kwanza la ufundi huu, kwamba waya peke yake haulii mpaka upate kitu chepesi cha kutikisa.

Muundo

Gitaa lina sanduku, shingo na kichwa. Sanduku lina ubao wa juu wenye tundu la sauti, ubao wa nyuma, na mbavu mbili zilizopindwa kwa moto. Nyuzi hufungwa kwenye daraja lililogandishwa juu ya ubao wa juu, hupita juu ya shingo na kuishia kwenye vikazio vya kichwani.

Nyuzi sita za chuma zikishakazwa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 75, sawa na mfuko mmoja na nusu wa saruji. Za nailoni huvuta karibu nusu yake. Mvuto huo unabebwa na ubao wa unene wa milimita 2.5 hadi 3. Ili usipasuke wala kubinuka, kwa ndani hugandishwa mataruma, yaani vijiti vyembamba vya mbao vinavyofanya kazi kama mataruma ya jahazi. Gitaa la nailoni hupangwa mataruma yaliyotawanyika kama kipepeo cha kupepea, mpangilio uliokamilishwa na fundi Mhispania Antonio de Torres (1817–1892). Gitaa la nyuzi za chuma hupangwa mataruma mawili makubwa yanayokatana mfano wa herufi X.

Torres ndiye aliyeonyesha sauti inatoka wapi. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye ubao wa juu wa mbao nzuri, lakini nyuma na mbavu akatumia karatasi ngumu ya boksi. Lililia vizuri. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Kwa anayeanza, maana yake ni kwamba muda na fedha viende kwanza kwenye ubao wa juu.

Mbao

Ubao wa juu unahitaji mti mwepesi lakini mkakamavu. Viwanda vya Ulaya na Marekani hutumia sprusi na mierezi ya nchi za baridi, ambayo haioti Meru. Mbao laini zinazopatikana kirahisi Arusha ni za misonobari na misaipresi ya mashamba ya miti. Msonobari wa *Pinus patula* hukua haraka, hivyo pete zake huwa pana na ubao huwa dhaifu. Fundi hutafuta kipande chenye pete zilizobanana, kisicho na kifundo. Saipresi (*Cupressus lusitanica*) ni ndugu wa mti ambao mafundi wa Hispania huutumia kwa nyuma na mbavu za magitaa ya flamenko. Podo nayo ni mbao laini, yenye nyuzi zilizonyooka. Mtarakwa (*Juniperus procera*), ambao Wamaasai huuita oltarakwai, hunukia na haushambuliwi kirahisi na wadudu, ila hupasuka upesi.

Kwa nyuma, mbavu na shingo kuna mringaringa (*Cordia africana*), mti wa mashambani wenye mbao nyepesi zinazokubali randa, na mgrevilea unaopandwa kama kivuli cha kahawa. Mninga na mkangazi hutoka mikoa mingine.

Ubao wa juu hupasuliwa kutoka ukingoni kuelekea kiini, ili pete zisimame wima ubao unapotazamwa kwenye ncha yake. Ubao wa namna hiyo hauvimbi sana wala haupindiki, na huwa mkakamavu hata ukiwa mwembamba.

Ukaushaji

Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Masika ya Machi hadi Mei huongeza unyevu hewani, na miezi ya kiangazi huupunguza. Gitaa lililogandishwa kwa mbao mbichi wakati wa mvua huanza kupasuka mvua zikishakatika, mara nyingi katikati ya ubao wa nyuma.

Mbao mpya hupangwa kivulini kwenye upepo, zikitenganishwa kwa vijiti, na kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Kipimo rahisi ni mzani wa dukani. Ubao hupimwa kila wiki na uzito wake huandikwa kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Namba zikiacha kushuka kwa wiki kadhaa, ubao umekauka kadiri hewa ya pale inavyoruhusu. Hatua za kugandisha ubao wa juu na wa nyuma huachiwa msimu mkavu.

Hatua za kazi

Anayeanza huchora kwanza gitaa zima kwa ukubwa wake halisi, kisha hutengeneza fremu ya kushikilia mbavu. Mbavu hurandwa hadi milimita 2, hulowanishwa na kupindwa taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto. Vipande viwili vya ubao wa juu huunganishwa katikati, na kiungo hukaguliwa kwa kukishika kwenye mwanga: mwanga ukipenya, randa inarudi. Mataruma yakishagandishwa, hupunguzwa kwa patasi kidogo kidogo huku ubao ukigongwa kwa kidole. Mlio hubadilika kutoka wa kigae kuwa wa ngoma ndogo. Ukizidisha kupunguza, hakuna njia ya kurudisha. Sanduku hufungwa, shingo huunganishwa, freti hupigwa, na mwisho ni daraja, vanishi na nyuzi.

Gundi ya mbao ya kawaida inatosha. Gundi ya viatu haifai, kwa sababu hubaki laini na mvuto wa nyuzi huisogeza.

Vipimo vya freti

Urefu wa waya kutoka kichwani hadi darajani hugawanywa kwa 17.817, na jibu ni umbali wa freti ya kwanza. Kwa waya wa milimita 650, freti ya kwanza iko milimita 36.5. Urefu unaobaki, 613.5, hugawanywa tena kwa namba ileile na kutoa 34.4, na hivyo hadi mwisho. Freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili, milimita 325. Kosa la kawaida ni kupima kila freti kuanzia iliyotangulia. Makosa madogo hujumlishana. Vipimo vyote huwekwa kutoka mwanzo mmoja.

Mahali pa kujifunzia

Useremala hufundishwa katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Elimu ya misitu hutolewa katika Chuo cha Misitu Olmotonyi, kilichoanzishwa mwaka 1937 kwenye miteremko ya Meru, na elimu ya viwanda vya mbao katika chuo cha FITI mjini Moshi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Usa River, hufundisha muziki. Mwanafunzi wa gitaa huokota sehemu za ufundi wake katika milango hiyo tofauti, na randa huizoea katika karakana ya seremala.

Sheria na mpingo

Kukata miti ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni marufuku. Mazao ya misitu huvunwa na kusafirishwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mnunuzi hudai risiti. Mpingo (*Dalbergia melanoxylon*) husifiwa duniani kwa klarineti na magitaa ya bei kubwa, lakini huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu jenasi yote ya *Dalbergia* vimo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ingawa ala zilizokamilika zilipunguziwa masharti mwaka 2019. Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini, hivyo hazifai kwa ubao wa juu. Zinafaa kwa daraja, na daraja la gitaa la nailoni lina urefu wa takriban sentimita 19: kipande kinachoweza kubaki chini ya benchi la mchonga vinyago.