Hipnosisi ya jukwaani

Hipnosisi ya jukwaani ni burudani ambayo mwendeshaji huwaingiza watazamaji waliojitolea katika hali ya utulivu na umakini mkubwa, kisha huwaamuru watende mambo ya kuchekesha. Hutofautiana na kiinimacho, kinachotegemea wepesi wa mikono na vifaa.

Chimbuko lake ni maonyesho ya tiba ya daktari Franz Mesmer, iliyodaiwa kutumia nguvu ya sumaku, ambayo tume ya Ufaransa iliyomjumuisha Benjamin Franklin ilieleza mwaka 1784 kuwa matokeo yake yalitokana na mawazo ya wagonjwa. Mwaka 1841, daktari wa upasuaji James Braid alitazama onyesho la aina hiyo la Charles Lafontaine mjini Manchester akishuku ulaghai. Baada ya majaribio yake alikubali kuwa hali hiyo ipo, ila si kwa nguvu ya sumaku.

Wataalamu wa saikolojia huiona hipnosisi ya jukwaani kuwa mchanganyiko wa mambo kadhaa. Watu hutofautiana katika wepesi wa kupokea maagizo, na mwendeshaji huteua walio wepesi zaidi. Shinikizo la umati na hamu ya kumridhisha mwendeshaji pia huchangia. Baadhi ya washiriki huigiza tu. Mshiriki halali usingizi wala hapotezi hiari. Uingereza ilitunga sheria ya kudhibiti maonyesho ya hipnosisi mwaka 1952.