Tambiko la Mvua la Lubaga na Watu wa Mbugani

Kabla ya ukoloni, Wanyakyusa wa Mbugani, uwanda wa Kyela ambao mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo huukata ikielekea Ziwa Nyasa, waliihusisha mvua na Lwembe, cheo cha mtawala mtakatifu wa Lubaga, msitu wa tambiko ulioko vilimani, ambako machifu walichangia ng'ombe. Monica Wilson, aliyewatafiti Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alionyesha kuwa tambiko lilidai kwanza watu waungame hasira zao, mwenye kinyongo akikitamka na kupuliza maji kutoka kinywani. Huo ndio uliokuwa ubora wake mkubwa, kwa kuwa habari ya mvua haikutenganishwa na mapatano. Leo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husomwa redioni, na redio haimsikilizi mkulima wa mpunga.