Ugali wa Kariakoo

Kuna walafi wa aina mbili. Wa kwanza hula, akashiba, akafuta mdomo, akaenda zake. Wa pili hula, akashiba, halafu ndipo anaanza maswali: hiki kimetoka wapi? Nani alitufundisha kukipika? Na kwa nini kinaliwa hapa na wala si kule? Makala haya ni ya mlafi wa pili, na mimi nimo katika chama hicho tangu zamani.

Tuanze na sahani ya kawaida kabisa. Kariakoo, Dar es Salaam, saa saba mchana. Benchi la mbao, masufuria mekoni, na mama ntilie kajifunga kanga kiunoni. Jina lake hilo wateja ndio waliompa kwa kupaza sauti: "Mama, nitilie!" Sahani inafika: bonge la ugali, maharage, mchuzi wa nyanya, kipande cha samaki, pilipili pembeni. Unanawa, unamega, unatowea. Muulize yeyote pale benchini, atakwambia hiki ndicho chakula chetu cha asili, toka enzi za mababu. Hakuna ubishi.

Ubishi upo, bwana.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita katika pwani yetu. Huyu naye alikuwa mtu wa kula, maana hakusahau kuandika milo aliyoandaliwa. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Akawashangaa wenyeji kwa jinsi walivyojua kula: mtu mmoja, anasema, hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Mombasa akakuta wanakula ndizi na samaki. Lakini mahindi hakuyataja, na asingeweza kuyataja. Wakati ule mahindi yalikuwa ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, kule Mexico na nchi jirani zake, ambako wakulima walikuwa wameyalima kwa maelfu ya miaka.

Yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na kwetu yakaingia katika enzi za Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498. Maharage, nyanya, muhogo, karanga na pilipili kali, asili yao wote ni Amerika. Hebu sasa rudi kwenye sahani yetu ya Kariakoo, uwatoe wageni mmoja mmoja. Unga wa mahindi, toa. Maharage, toa. Nyanya, toa. Pilipili, toa. Umebaki na kipande cha samaki na chumvi!

Tusielewane vibaya. Ugali ni wa kale. Wazee waliusonga kwa mtama, uwele na ulezi, nafaka za Afrika hii hii. Kilichokuwa kigeni ni huu unga mweupe. Basi swali la mlafi wa pili ni hili: mgeni huyu alipataje kuwa mwenye nyumba?

Jibu limo ndani ya neno moja: posho. Katika misafara ya karne ya 19, ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, posho ilikuwa riziki ya mpagazi njiani. Mara nyingine alipewa nafaka iliyopimwa kwa kibaba, mara nyingine kitambaa au shanga akanunue mwenyewe vijijini. Wakoloni walilikuta neno hilo wakalichukua kama lilivyo. Zikaja reli, yakaja mashamba makubwa, na kila mahali kibarua alilishwa posho. Mahindi yaliwafaa waajiri: hulimwa kwa wingi, husagwa kwa mashine, hubebwa kwa magunia. Nani alimwuliza kibarua kwao wanakula nini? Uganda mpaka leo ugali wa mahindi huitwa posho. Kwetu Tanzania neno limepanda cheo, sasa ni fedha za vikao, na waheshimiwa huligombania. Lakini lilianzia kwa mtu mwenye mzigo kichwani.

Na hapo ndipo tunafika Kariakoo yenyewe. Wengi wetu tunalitamka jina hili kila siku, kwenye daladala, sokoni, mpirani, bila kujua kwamba ni Kiingereza kilichosongwa kama ugali. Ni "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi wa tisa mwaka 1916, na wapagazi wakapigishwa kambi mahali hapo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina ni lile lile. Vita ilipokwisha, jina likabaki na watu wakasahau.

Vita ile ilipiganwa porini, mbali na reli, kwenye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe. Kila risasi na kila gunia la unga lilisafiri kichwani mwa mtu. Waingereza peke yao walichukua wapagazi mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na Wajerumani nao walikuwa na wa kwao. Kwa upande wa Waingereza tu, waliokufa hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, na mojawapo ya yaliyoua sana lilikuwa kuhara damu.

Sasa msomaji, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo chakula kinapogeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi umesagwa vibaya, chenga tupu. Wengine walitoka katika nchi za ndizi, wengine za mtama, matumbo yao hayakuuzoea. Mtu ametembea kutwa na mzigo wa kilo 25 hivi, anafika kambini jioni, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria haitoshi. Anakoroga haraka haraka, anakula ugali nusu mbichi. Chenga zile zilikwangua matumbo ambayo tayari yalikuwa magonjwa. Chakula walichopewa waishi nacho kikasaidia kuwaua.

Ndiyo maana namcheka anayesema kusonga ugali hakuhitaji elimu. Maji lazima yachemke kwanza. Unakoroga uji, unauacha utokote. Unaongeza unga kidogo kidogo, unasonga, unaukandamiza na mwiko, unaugeuza, unapunguza moto, unangoja ile harufu ya unga mbichi iondoke na ukoko uanze kushika. Mtu mwenye haraka utamjua kwa ugali wake. Hayo yote wale vijana wa 1916 walipelekwa porini bila kuachiwa muda wala vyombo vya kuyafanya.

Nenda pale Posta ukaitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari wa Kiafrika pamoja na wapagazi. Lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hayumo, na sufuria yake haimo.

Unga ule wa kambini ulikujaje kuwa "chakula chetu cha asili"? Haukupata uraia huo kwa amri ya mkubwa yeyote. Uliupata mekoni, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake. Wao ndio waliouzoeza unga wa posho kwa mchicha, kwa dagaa, kwa samaki wa nazi, kwa maharage, mpaka ukawa na ladha ya nyumbani. Na mji ulipobanwa na njaa, wao tena ndio waliokuwa mstari wa mbele. Wazazi wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980: foleni, maduka matupu, na ule unga wa njano wa msaada ambao watu wa Dar, kwa utani wa mpira, waliuita Yanga. Mshahara haukufika hata nusu ya mwezi. Akina mama wakatoka na masufuria yao, wakapika kando ya barabara, wafanyakazi wakala. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na wafanyabiashara wadogo wa mjini wakasakwa kama wazururaji. Eti mtu anayelisha mji hana kazi!

Basi mimi nasema hivi: asili ya chakula si udongo ulioota mbegu yake tu. Imo pia katika jasho la waliokibeba na akili ya waliokipika. Kwa hesabu hiyo ugali wa mahindi ni wetu, na tumeulipia ghali mno. Lakini wa kwetu usitufanye tusahau bei.

Vitabu vya vita ile vimejaa majina ya majenerali, von Lettow-Vorbeck huku, Smuts kule. Ya wapishi na wapagazi hayamo. Wewe unayetafuta cha kuandika, unayelalamika kwamba visa vimekwisha, mwulize bibi yako: kwao walikula nini kabla ya sembe? Mahindi yaliingia nyumbani mwao lini, na nani aliyaleta? Mgeni wa kwanza kuyaonja alisemaje? Andika majibu na majina yao, mapema, maana bibi hawatungoji.