Raia wa Kitui na Makueni walivyoikabili serikali kwa sheria, bila fujo

Na MWANDISHI WETU

MWAKA 2015 wakazi wa Kitui na wenzao wa Makueni walipewa majibu mawili, na yote mawili yalikuwa ya kuwakatalia.

Wale wa Kitui waliambiwa na Mahakama Kuu kwamba hawakuwa wamethibitisha malalamiko yao kuhusu mradi wa makaa ya mawe katika bonde la Mui. Wale wa Makueni waliambiwa na Rais Uhuru Kenyatta kwamba serikali ya kaunti yao haitavunjwa, ijapokuwa maelfu walikuwa wametia sahihi kuomba ivunjwe.

Kwa mtazamo wa haraka, wote walishindwa. Hata hivyo, hukumu ya Mui imekuwa miongoni mwa zile zinazonukuliwa sana katika mahakama za Kenya kila panapozuka swali iwapo wananchi walishirikishwa. Nayo Makueni ilikuja kutajwa mara kwa mara kuwa mfano wa kaunti inayowashirikisha watu wake.

Makala haya yanaeleza njia ambazo raia hao walizitumia, sheria inayozilinda, na faida inayobaki hata mlalamishi anaposhindwa.

Ng'ombe wa mwaka 1938

Ukambani haukuanza jana kuikabili serikali kwa amani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wafugaji wa Machakos kuuza ng'ombe wao, kwa hoja kwamba wingi wa mifugo ulikuwa ukileta mmomonyoko wa udongo. Wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilikuwa na kiwanda cha nyama huko Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu.

Machakos ya siku hizo ilijumuisha eneo ambalo leo ni Makueni, kwa kuwa wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992.

Julai 1938, chini ya chama cha Ukamba Members Association, zaidi ya watu elfu moja walikwenda Nairobi, wake kwa waume pamoja na watoto, wakitaka kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa bila silaha. Gavana hakuwapokea Nairobi, lakini mwezi wa Agosti ilimbidi afike Machakos kuhutubia baraza. Baadaye serikali iliachana na uuzaji wa lazima.

Watu walishinda, ila kiongozi wao aliumia. Muindi Mbingu, ambaye jina lake lilipewa barabara katikati ya Nairobi, alikamatwa akapelekwa Lamu. Hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote. Amri ya gavana ilitosha.

Desturi ya kumfunga mtu bila hukumu haikuondoka na wakoloni. Mwaka 1982 Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa akifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Mwaka 2011, chini ya Katiba mpya, mtu huyo huyo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu.

Milango iliyofunguliwa

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilifungua milango ambayo Muindi Mbingu hakuwa nayo.

Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa wenye mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Sheria ya Usalama wa Umma inawataka waandalizi wawape polisi taarifa siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14 kabla ya maandamano.

Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki inapokiukwa au kutishiwa, kwa niaba yake mwenyewe, ya kundi au ya umma. Hakuna ada ya kuanzisha kesi ya aina hiyo, na mahakama inaweza, inapolazimu, kuipokea hata ikiwa karatasi zake hazikufuata taratibu za kawaida.

Kifungu cha 10 nacho kinaorodhesha ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa yanayomfunga kila afisa wa serikali.

Kesi ya Mui

Bonde la Mui liligawanywa katika vitalu vinne vya makaa ya mawe, A, B, C na D. Serikali ilikabidhi vitalu C na D kwa kampuni ya Fenxi ya Uchina. Kwa wakazi, jambo hilo liligusa mashamba, makaburi ya wazee wao, maji na hewa.

Kesi tatu ziliwasilishwa kati ya 2012 na 2014, zikaunganishwa. Walalamishi walidai kwamba hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba mazingira yao yalikuwa hatarini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliyatupilia mbali maombi yao, ikiona kwamba ushirikishaji uliofanyika hadi hatua ile ulitosha.

Lakini ili kufikia uamuzi huo, ilibidi majaji waeleze ushirikishaji ni nini hasa. Walisema ni jukumu la serikali kubuni mpango unaolingana na uzito wa jambo lenyewe. Wananchi wapewe habari zinazohitajika. Si lazima kila mtu asikizwe, ila juhudi za makusudi zifanywe ili makundi mbalimbali yafikiwe, hasa wale watakaoathiriwa zaidi. Maoni yao si amri, lakini ni lazima yazingatiwe kwa nia njema. Wala ushirikishaji haumpokonyi afisa kazi yake, bali unamsaidia kuamua vyema.

Hicho ndicho kipimo ambacho wananchi wa kaunti nyingine wamekitumia kupinga sheria, ushuru na miradi. Walioshindwa Mui waliwaachia wengine silaha isiyomwaga damu.

Sahihi za Makueni

Huko Makueni mzozo ulikuwa kati ya Gavana Kivutha Kibwana na madiwani, na kiini chake kilikuwa bajeti. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge la kaunti mjini Wote, watu kadhaa wakajeruhiwa.

Wakazi hawakujibu kwa rungu. Walikusanya sahihi. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka ombi la kusimamisha kaunti liungwe mkono na angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa. Kifungu cha 192 cha Katiba kinaongeza masharti matatu: tume huru ichunguze madai, Rais aridhike, na Seneti iidhinishe. Kaunti haiwezi kusimamishwa kwa zaidi ya siku 90.

Tume iliundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiza wananchi, na kupendekeza kaunti isimamishwe. Septemba 2015 Rais alikataa pendekezo hilo.

Wapo waliosema kwamba sahihi hizo zilipotea bure. Ukweli ni kwamba wananchi walisubiri sanduku la kura. Katika uchaguzi wa 2017 Kibwana alirejeshwa mamlakani, na madiwani wengi wa bunge lile wakapoteza viti vyao. Wakati wa utawala wake kamati za maendeleo ziliundwa kuanzia vijijini, ambako wakazi walijadili miradi kabla bajeti haijaandikwa.

Funzo kwa raia

Njia hizi zina udhaifu wake. Kesi huchukua miaka mingi, tume hupuuzwa, na maandamano ya amani yanaweza kutawanywa kwa nguvu kinyume cha Katiba.

Hata hivyo, tofauti na mwaka 1938 ni kubwa. Wakati huo watu walipata ng'ombe wao lakini hawakupata sheria, na gavana alibaki na uwezo wa kumhamisha yeyote. Mwaka 2015 walikosa walichoomba, lakini yaliyoandikwa katika hukumu na ripoti yalibaki, na yeyote anayetawala anaweza kuulizwa kwayo.

Kwa hiyo anayetaka kupinga hatua ya serikali na atunze kumbukumbu tangu mwanzo: tarehe ya mkutano, nani alialikwa, habari gani zilitolewa na kwa lugha ipi. Katika kesi ya Mui, swali lililoamua mambo lilikuwa ni ushahidi. Wazee waliosema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," hawakumaanisha kwamba mshindani asijiandae.