Henry Ndiye Alilipa

Wasee, kuna hii stori mnapenda sana kuposti: ati ubongo una upande wa hisia na upande wa akili, na ukimtumia meseji mtu aliyekuacha, saa nane usiku, ni mfumo wa limbiki umekushinda nguvu. Inachekesha, sawa. Lakini stori yenyewe ni nusu, na ile nusu ingine ililipiwa na msee mmoja wa Marekani.

Tuanze na jina. Mwaka wa 1878, daktari Mfaransa Paul Broca alieleza sehemu za ubongo zilizozunguka shina lake kama pete, akaziita kwa neno la Kilatini lenye maana ya ukingo. 1937, James Papez akapendekeza kwamba baadhi ya sehemu hizo zimeunganishwa kwa mzunguko, na hisia hutoka hapo. Hipokampasi ilikuwa ndani ya huo mzunguko. Paul MacLean akaja na jina "mfumo wa limbiki" 1952. Kwa hivyo kwenye karatasi, hipokampasi ilikuwa ya hisia.

Mwaka uliofuata, Henry Molaison akalazwa kwenye meza ya upasuaji huko Hartford, Connecticut. Alikuwa na miaka 27, na kifafa kilikuwa kimemharibia kazi na maisha. Vipimo havikuonyesha kifafa kinaanzia wapi hasa. Daktari William Scoville akaendelea tu, akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, pande zote mbili, pamoja na karibu amigdala yote. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa operesheni ya kujaribu. Kujaribu, manze! Kwa kichwa cha mtu.

Kifafa kilipungua sana. Shida ni kwamba Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Unaongea naye, unatoka, unarudi baada ya dakika chache, anakusalimia kama mgeni. Brenda Milner, aliyempima kwa miaka mingi, alikuwa anajitambulisha upya kila mara. Na bado akili ya Henry ilikuwa poa: mjuaji wa mafumbo ya maneno, mpole, mcheshi.

Sasa hii ndiyo inanimaliza. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo pekee. Siku baada ya siku akawa mkali, na kila siku aliapa hajawahi kuifanya. Mkono ulikumbuka, yeye hakukumbuka. Hapo ndipo watu wakaelewa kumbukumbu si kitu kimoja, na kwamba hipokampasi, ile ya "hisia", ndiyo inayoshika mambo yaliyokutokea. Amigdala nayo? Wakati mmoja alipewa chakula cha jioni, akamaliza, akaletewa kingine, akala karibu chote. Hakuonekana kujua kama ameshiba.

Wanafunzi walimjua kama H.M. tu hadi alipofariki 2008, akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata ubongo wake ukagandishwa San Diego na kukatwa vipande 2,401.

Alikubali kupimwa miaka hiyo yote, wanasema, na alifurahia kusaidia. Mimi nauliza tu: unakubali vipi kitu ambacho baada ya dakika chache hukumbuki umeulizwa?