Taarabu ya Jioni Mjini Tanga

Mtu akiulizwa Tanga ya miaka ya 1950 ilisifika kwa nini, hujibu upesi: mkonge. Jibu hilo si kosa, walakini lahesabu saa za kazi peke yake. Jua likisha tua, watu walikutana katika vilabu kama Young Novelty, wakapiga taarabu kwa mapenzi yao wenyewe. Unguja, Ikhwani Safaa, iliyoanza mwaka 1905, ilifuata mwendo wa Misri, kwa fidla na kanuni. Tanga ilithubutu kutia gitaa, besi na mapigo ya haraka ya ngoma za pwani. Mtindo huo ulikomaa katika Black Star, ukafika Mombasa hata Burundi. Na kwa ushindani, ambao pwani haukosi kamwe, ikazuka Lucky Star. Wako waliosema kwamba taarabu imeharibiwa. Mimi siafikiani nao: aliyemsikia Shakila, aliyeimba katika vikundi vyote viwili na kufariki mwaka 2016, hawezi kusema hivyo. Tani za mkonge zimeandikwa daftarini. Jioni hizo zimo katika santuri chache, na katika vifua vya wazee ambao kila mwaka wapungua.